Kwa Nini "Usiwaze Sana" Haimtibu Mtu

Tuanze na embe bichi. Liwe lile la kijani, gumu, limemenywa na kukatwa vipande virefu, likapakwa chumvi na pilipili ya unga, muuzaji akakupa kwenye kipande cha gazeti. Chukua kipande kimoja, kitie mdomoni, uking'ate.

Kama umewahi kusoma shule yoyote ambayo nje ya geti alikaa mama na ndoo yake ya maembe, sasa hivi mdomo wako umeanza kujaa mate. Na embe lenyewe halipo, kuna herufi nyeusi tu. Neno limepita machoni, limeingia ubongoni, limegusa kumbukumbu ya ladha, na kumbukumbu hiyo imetuma amri hadi kwenye tezi za mate chini ya masikio, ambazo ni nyama halisi inayotoa maji halisi. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayecheka kwamba wanaokwenda kwa mnasihi wanalipa hela kwa ajili ya maneno matupu, mpe embe hilo kwanza. Neno lina njia ya kufika mwilini.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Mtu ameshikwa na hofu, mikono inamtetemeka, nawe unamwambia: "Usiogope." Hilo nalo ni neno, tena limetoka kwa mtu anayempenda. Mbona halishuki? Jirani anakuja na "usiwaze sana", shemeji anakuja na "mwachie Mungu", na wote wakishaondoka mikono inaendelea kutetemeka palepale.

Tofauti iko hapa. Embe lilifaulu kwa sababu umewahi kulila mara nyingi, na mate yakatoka kila ulipolila. Mtu ambaye hajawahi kuonja embe bichi maishani mwake angesoma aya ile mdomo ukiwa mkavu kama mwanzo. Neno hubisha hodi tu. Anayeitika ni yule aliyemo ndani, na aliyemo ndani ni kile mwili ulichokwisha kujifunza. "Usiogope" linabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kazi ya unasihi, kwa ninavyoielewa, ni kumtia mtu ndani ya nyumba ile.

Nina ugomvi mdogo na jina la huduma hii. Tumezoea kuiita "ushauri nasaha". Ushauri ni kumwelekeza mtu la kufanya. Nasaha nayo ni maelekezo mema. Jina linasema jambo moja mara mbili, na jambo lenyewe silo linalofanyika. Lilienea sana miaka ya 2000 kupitia vituo vya kupima virusi vya ukimwi kwa hiari, ambako kweli palikuwa na maelekezo ya kutoa. Matokeo yake hadi leo mtu anaingia, anakaa, anaweka mkoba magotini, anangoja kuusiwa kama anavyoungoja usia wa mjomba au wa kungwi. Mnasihi naye amekaa kimya anamsubiri. Dakika kumi za kwanza zinaweza kuwa za taabu kwa wote wawili. "Unasihi" lina mzizi uleule wa nasaha, lakini angalau ni fupi, na ndilo nitakalotumia.

Chumba chenyewe hakitishi. Mara nyingi ni kijumba mwishoni mwa korido ya zahanati, au ofisi ghorofani juu ya maduka. Viti viwili vimewekwa mshazari ili watu wasikodoleane macho, kuna boksi la tishu, na saa imetundikwa nyuma ya mteja ili mnasihi aione bila kutazama mkono wake. Kikao ni cha kama saa moja. Watu wengi wanaogopa kuonekana wakiingia kwa sababu wakisikia "afya ya akili" wanasikia Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, hospitali mbili ambazo majina yake tumeyageuza matusi ya utani. Wengi wanaokaa kwenye viti hivi viwili hawajawahi kulazwa popote. Wana usingizi uliokatika, ndoa inayotafuna, msiba usioisha, au hofu iliyovuka mipaka yake.

Tutunge mtu mmoja ili somo liwe na miguu. Ni mama muuza samaki wa Dar es Salaam. Kila alfajiri hupanda daladala hadi soko la Feri, hununua vibua, hurudi kukaanga. Siku moja daladala linagongana na lori. Mkono unavunjika, unafungwa plasta, mfupa unaunga. Wiki ya saba anajifunga kanga, anachukua beseni, anakwenda kituoni. Daladala linakuja, konda anapiga bodi kwa kiganja, na moyo wa yule mama unaanza kwenda mbio. Jasho linamtoka. Vidole vinapata ganzi. Kichwa kinakuwa chepesi. Ana uhakika anakufa. Anageuka, anarudi nyumbani kwa miguu.

Nini kimetokea ndani? Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kipande kidogo chenye umbo la lozi. Wataalamu hukiita amigdala, na neno hilo la Kigiriki maana yake ni hiyohiyo, lozi. Miongoni mwa kazi zake ni kupiga king'ora. Hupiga haraka, kabla sehemu za ubongo zinazofikiri kwa utulivu hazijamaliza kuuliza kuna nini. Ishara inashuka hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza kasi. Ini linatoa sukari. Damu inapunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli ya miguu, ndiyo maana tumbo huvurugika. Mtu anahema haraka kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua mno kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo inabana kidogo, na hapo panatokea kizunguzungu na ganzi ya vidole. Yule mama hafi. Mwili wake umejiandaa kukimbia simba, naye amesimama kituoni na beseni.

Wazee waliliona jambo hili bila darubini: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo ni maelezo kamili ya jinsi hofu inavyosambaa. Nyoka aliuma mara moja, na sasa kila kitu chembamba kilicholala chini kinapiga king'ora. Ajali ilikuwa moja, lakini bodi kupigwa kiganja, harufu ya dizeli na honi ya lori vyote vimeingia kwenye orodha.

Basi kwa nini tusimwambie tu asifikirie ajali? Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaomba wanafunzi wa chuo wakae dakika 5 bila kumfikiria dubu mweupe. Kila atakapowajia akilini, wagonge kengele. Kengele ziligongwa, tena zaidi ya mara moja kwa dakika. Zaidi ya hapo, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wegner alieleza hivi: ili ujue kuwa humfikirii dubu, lazima sehemu fulani ya akili ibaki ikikagua kama dubu yupo, na kumkagua ndiko kumfikiria. "Usiwaze sana" ni agizo linalomfanya mtu awaze. Anayelitoa hana ubaya wowote. Amempa mgonjwa kengele tu.

Kuna kitu kimoja cha haraka ambacho mwili hukubali kuamriwa, nacho ni pumzi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uutafute mpigo. Vuta pumzi polepole ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Rudia mara kadhaa. Wengi, hasa vijana, watahisi mpigo ukiharakisha wakati wa kuvuta na ukipungua wakati wa kutoa. Neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka chini ya ubongo na kupita shingoni hadi kwenye moyo na tumbo, ndiyo inayokaza na kulegeza. Ukirefusha kutoa pumzi, unairefushia zamu yake ya kutuliza. Wanasihi wengi hufundisha jambo hili siku za mwanzo. Lakini tusilipe sifa isiyo yake: hii ni breki ya mkono. Inazuia gari lisiporomoke, haikupeleki Feri.

Kinachompeleka mtu Feri ni kujifunza upya, na hapa inabidi twende Urusi kwa Ivan Pavlov. Kila mtu anamjua kwa mbwa wanaodondosha mate wakisikia mlio, maana mlio ulitangulia chakula mara nyingi. Wachache wanaijua nusu ya pili. Pavlov aliendelea kupiga mlio bila kuleta chakula. Mate yakapungua, yakapungua, yakaisha. Mbwa amesahau? Hapana. Akapumzishwa, kisha mlio ukapigwa tena, na mate yakarudi. Somo la kwanza halikufutwa. Juu yake, au tuseme pembeni yake, liliandikwa somo la pili: siku hizi mlio hauleti kitu. Masomo yote mawili yanaishi pamoja na kugombea nafasi.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu mengi yanaelezeka kwa jambo hili moja. Mtu aliyepona hofu akashtuka tena baada ya mwaka hajashindwa wala hakudanganywa. Somo la zamani limepata nafasi, na la pili linahitaji kurudiwa. Pia somo la pili hushikamana na mahali lilipofundishwa kuliko la kwanza. Mama akizoea daladala la Mbagala anaweza kuogopa upya basi la Morogoro. Mnasihi anayejua kazi yake atampa mazoezi kwenye njia zaidi ya moja.

Wa mwanzo kuandika jinsi hofu ya binadamu ilivyofundishwa upya hatua kwa hatua alikuwa Mary Cover Jones, New York, mwaka 1924. Mtoto mdogo aliyemwita Peter katika maandishi yake alikuwa akiogopa sungura. Peter aliwekwa kitini akila kitu anachokipenda, sungura akiwa ndani ya tundu upande wa mbali wa chumba. Siku zilivyokwenda tundu likasogezwa, likasogezwa tena, hadi Peter akafikia kumchezea sungura yule kwa mikono yake. Hakuna aliyemhubiria kwamba sungura ni mpole. Alijionea mwenyewe, kwa kiasi alichoweza kustahimili.

Miaka ya baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewahudumia askari katika Vita Kuu ya Pili na kuona jinsi tiba za wakati ule zilivyowasaidia kidogo, aliugeuza ujuzi huo kuwa utaratibu. Alitengeneza ngazi: hofu ndogo chini, kubwa juu, na mgonjwa anapanda daraja moja moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Kwake pia tumepata ule mtindo wa kumwuliza mtu, "Hofu yako sasa hivi ni ngapi, kati ya 0 na 100?" Swali linaonekana la kitoto. Lakini anayejibu "80" amelazimika kuitazama hofu kutoka pembeni kidogo, na dakika kumi baadaye akisema "55" amegundua jambo ambalo hakuwahi kukaa muda wa kutosha alijue, kwamba hofu hushuka yenyewe. Adrenalini haikai sana kwenye damu. Mwili hauwezi kubaki kwenye kilele.

Hakuwahi kukaa muda wa kutosha. Hapo ndipo ubaya wa kukimbia ulipo. Mama alipogeuka kituoni, hatua ya ishirini moyo ulianza kutulia. Ahueni ile ni tamu, na ubongo hujifunza haraka kutoka kwa kilicho kitamu. Uliandika: tumepona kwa sababu tumekimbia. Kesho yake hofu itaanzia mlangoni pa nyumba badala ya kituoni. Keshokutwa itaanza usiku, kitandani. Kila anapojiokoa, anailipia hofu kodi ya mwezi mwingine. Na familia yenye huruma mara nyingi husaidia kulipa: mtoto anatumwa Feri badala yake, shemeji anampeleka kwa pikipiki. Mnasihi akianza kumuuliza mume, "Nyumbani huwa mnafanya nini akipatwa na hali hii?", hamtafuti mchawi. Anatafuta kodi inalipwa wapi.

Kwa nini basi kuzungumza, kama dawa yenyewe ni kupanda daladala? Kwa sababu mbili ambazo zimepimwa, na ya kwanza ni kutaja.

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, chuo kikuu cha California huko Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipigwa picha ndani ya mashine. Walipochagua neno linalotaja hisia ile, amigdala ilitulia kuliko walipofanya kazi nyingine kwa picha zilezile, na sehemu moja ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, ikazidi kufanya kazi. Mwaka 2012 watafiti wa chuo hicho walikwenda mbali zaidi kwa kuwasogeza watu wanaoogopa buibui karibu na buibui mkubwa aliye hai. Wengine waliambiwa wajitulize kwa maneno, kwamba buibui hana madhara. Wengine wazungumzie kitu kingine. Kundi moja liliambiwa liseme hofu yake ilivyo: naogopa, yule buibui mbaya atanirukia. Wiki moja baadaye, waliokuwa wameitaja hofu kwa jina ndio ambao mwili wao, ukipimwa kwa jasho la viganja, ulitulia zaidi mbele ya buibui. Kutaja kulishinda "usiogope", hata pale mtu alipojiambia mwenyewe.

Kiswahili kimebarikiwa kwa majina haya, nasi tunayaacha yaote kutu. Tuna hofu, woga, wasiwasi na fadhaa. Tuna huzuni, simanzi, majonzi, jitimai na kihoro. Tuna uchungu, kinyongo, hasira. Halafu mtu anaingia, anaketi, anasema, "Nina stresi." Neno moja limemeza kumi. Swali la kwanza la mnasihi mzuri linaweza kuwa hilo tu: stresi hii ni kihoro au ni kinyongo? Mtu ananyamaza, anatazama dari, anasema taratibu, "Ni kinyongo." Amekuja kutibiwa huzuni ya msiba wa baba, na sasa anajua kwamba tatizo ni urithi.

Sababu ya pili ni siri. Mwaka 1993, mjini Trier, Ujerumani, watafiti walichapisha njia ya kumtia mtu msongo kwa makusudi bila kumgusa. Unamsimamisha mbele ya watu wasiotabasamu, ajieleze dakika 5 kama anayeomba kazi, kisha apunguze 13 kutoka 1022, kisha 13 tena, kwa sauti, na akikosea aanze upya. Kotisoli, homoni ya msongo, inapanda, na unaweza kuipima kwenye mate. Hakuna kisu wala simba, macho ya wanaohukumu tu. Sasa fikiria mtu anayetakiwa kueleza jambo la aibu kabisa la maisha yake mbele ya mtu ambaye kesho atakutana naye sokoni, au ambaye shoga yake ni jirani. Mwili wake uko Trier. Hawezi kujifunza kwamba kusema ni salama, kwa sababu si salama. Ndiyo maana kutunza siri ni sehemu ya tiba yenyewe, kama wembe safi ulivyo kwa mpasuaji. Mnasihi anayepiga umbea hajakosa adabu tu, ameua chombo chake cha kazi. Na mteja ana haki ya kuambiwa siku ya kwanza ni lini siri itavunjwa: pale maisha ya mtu, au usalama wa mtoto, unapokuwa hatarini.

Hadi hapa nimezungumzia hofu kwa sababu ndiyo inayoonekana vizuri. Lakini wengi wanaokuja wanasumbuliwa na kile ambacho lugha yetu inakiita kwa neno jepesi la kutisha: mawazo. "Ana mawazo." Ni kama vile wengine sote hatuna. Washona wa Zimbabwe wana neno la jambo hilo, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na kutoka kwenye neno hilo kumetokea huduma ya unasihi ya mtaani inayojulikana kuliko nyingi Afrika.

Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili mjini Harare, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia yake ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumleta hospitalini. Nchi ilikuwa na madaktari wa fani hiyo wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, alipewa wasaidizi: bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na hakukuwa na chumba. Wakaweka benchi chini ya mti. Jina la mwanzo lilikuwa Benchi la Afya ya Akili; bibi hao wakamwambia hakuna atakayekubali kuonekana amekaa hapo. Likawa Benchi la Urafiki.

Wanachofanya bibi hao si kutoa usia, ingawa umri wao ungewaruhusu. Hatua ya kwanza kwa Kishona ni kuvhura pfungwa, kufungua fikra: mtu ataje matatizo yake yote, yaorodheshwe, kisha achague moja tu. Kisha wanatafuta pamoja hatua moja ndogo inayowezekana wiki hii. Kwenda kuuliza bei ya vitumbua vya jumla. Kumpigia dada simu. Anakwenda, anafanya au anashindwa, anarudi, wanapitia. Vikao ni 6. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa: baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa benchini, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Benchi hilo limekwishafika hadi Zanzibar.

Kinachofanya kazi hapo kinafanana na cha yule mama, kimegeuzwa upande tu. Sonona humtoa mtu kwenye shughuli. Akiacha kwenda kwenye kikoba, hapati utani wa wenzake. Asipopata utani, siku inakuwa tupu. Siku ikiwa tupu, mawazo yanapata uwanja wa kuchezea. Ukimngoja ajisikie vizuri ndipo atoke, utangoja sana. Hatua ndogo inarudisha tonge moja la maisha kwa wakati, na ubongo unaanza kujifunza tena kwamba kufanya jambo huleta jambo.

Kwetu pia unasihi umepimwa, na kwa watoto. Bungoma na Moshi, mjini na vijijini, wanasihi ambao hawakuwa wamewahi kufanya kazi ya afya ya akili walifundishwa, wakakaa na watoto waliofiwa na mzazi, kwenye vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake. Humo ndani mtoto husaidiwa kusimulia kifo chenyewe, jambo ambalo watu wazima wengi humkataza kwa huruma. Watoto 640 walishiriki, na matokeo yakatoka mwaka 2020: vikao vilipoisha, walikuwa wamepata nafuu ya mshtuko kuliko wenzao wa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Vijijini Moshi tofauti haikuonekana. Nimelitaja hilo la Moshi kwa makusudi. Sayansi inayokuonyesha pale iliposhindwa ndiyo ya kuaminiwa pale iliposhinda.

Na pana mahali ambapo maneno peke yake hayatoshi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au asiyelala siku nne huku akigawa mali zake kwa furaha, anahitaji daktari na dawa kwanza. Tezi ya shingo ikilegea kazini, au damu ikipungua, mtu huchoka na kunyong'onyea kama mwenye sonona kabisa. Kipimo cha damu kitasema kabla ya mnasihi. Anayefikiria kujitoa uhai apelekwe hospitali leo, asisubiri tarehe ya kikao. Mtu wa kituo cha mtaani akikwambia "hili limenizidi, nakuandikia barua ya rufaa", mheshimu.

Turudi kituoni. Mama muuza samaki amechora ngazi yake kwenye daftari la shule. Daraja la kwanza: kusimama kituoni dakika 15 bila kupanda. La pili: kukaa ndani ya daladala lililosimama stendi likingoja abiria, ashuke kabla halijaondoka. La tatu: kituo kimoja, pamoja na dada yake. La nne: kituo kimoja, peke yake. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, FERI. Mnasihi amemwagiza kabla ya kila zoezi aandike anachotarajia kitatokea, na baada yake aandike kilichotokea. Ukurasa una safu mbili. Siku hizi watafiti wanaona kuwa kinachofundisha zaidi ni pengo kati ya safu hizo, kuliko hofu kushuka yenyewe, kwa hiyo utabiri lazima uwe wazi, wenye kukubali kukosolewa. "Nitajisikia vibaya" haufai. "Nitazimia" unafaa.

Jumatatu anapanda, peke yake, dirishani. Konda anamwangalia: "Mama, kituo kimoja tu? Si ungetembea?" Anampa noti. Hofu ni 75, halafu 80, halafu daladala linapita bampu na ni 90, halafu kituo kinafika. Anashuka na magoti mepesi, anakaa kwenye ukuta wa duka la dawa, anatoa daftari. Safu ya kushoto imeandikwa tangu asubuhi: Nitazimia, watu watanizunguka. Anaandika kulia: Sikuzimia. Konda kanipunja chenji.